Saini ya Bwana Afya

Jumanne, saa nne asubuhi, dobi alianika mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni, akabana kila moja kwa vibanio vitatu, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama yamenyooka. Yalikuwa yamenyooka. Kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, kila shuka lilikuwa na saini ya wino wa bluu.

Alisogea akatazama moja kwa karibu. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mteja amesahau kalamu mfukoni, jambo ambalo kila dobi amekwisha kukutana nalo, na ambalo humfanya amtukane mteja kimoyomoyo hadi jioni. Kisha akakumbuka kwamba mashuka hayana mifuko. Akayaanua yote, akayarudisha kwenye beseni, akachota maji mengine kisimani.

Kisima kilikuwa pale pale uani, hatua tano kutoka kwenye kamba. Baba yake ndiye aliyekichimba, na kwa miaka mingi maji yake yalikuwa maji tu, kitu ambacho mtu anakunywa bila kukifikiria. Sasa yalikuwa uchafu mtupu. Yalikuja juu na utando wenye rangi za shingo ya njiwa, yakinuka yai viza lililochanganywa na rangi ya kucha, na povu lake lilikaa kwenye ndoo hadi kesho yake bila kuvunjika. Ukinawa uso unabaki unateleza kama samaki. Kuku wa jirani walianza kutaga mayai yasiyo na ganda, laini, ya kubonyea, ambayo jirani aliyaokota kwa kijiko na kuyatupa, mpaka akachoka akawa anayaacha yakanyagwe. Ngozi ya viganja vya dobi ilichunika kila baada ya siku chache. Aliibandua jioni huku akiongea mambo mengine.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukuta wa kiwanda. Kiwanda kilitengeneza dawa ya kung'arisha nguo, ile ya chupa nyeupe yenye picha ya mwanamke anayecheka na taulo, na dobi alikuwa ameitumia maisha yake yote ya kazi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na shimo la majitaka lenye ukubwa wa uwanja wa mpira. Shimo hilo lilitakiwa litandikwe plastiki nene kabla ya kutiwa chochote. Halikutandikwa. Vibarua waliolichimba walikuwa watu wa mtaa huo huo, walijua walichokiona, na walikwisha kulisema kila mahali palipo na mtu wa kusikiliza na kila mahali ambapo hayupo.

Dobi aliyaloweka mashuka kwa dawa hiyo, vifuniko vitatu. Yalipotoka yalikuwa meupe zaidi, na saini ilikuwa imekoza.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameiweka juu ya kigoda kwa sababu ilikuwa imevimba. Kazi yake ilikuwa alama. Kila mteja wa dobi alikuwa na alama yake, ndogo kama punje ya mahindi, iliyoshonwa kwa uzi mwekundu ili nguo zisichanganyike: mkasi wa kinyozi, ufunguo wa nyumba ya wageni, msalaba wa nesi, kisu cha muuza nyama. Hakuna nguo iliyowahi kupotea. Sindano akiona umbo mara moja, hasahau.

"Lete nione," alisema, akalivuta shuka magotini. "Dada, hii naijua. Ni ile ya kwenye ubao wa ofisi ya mtaa."

"Ya nani?"

"Ya Bwana Afya."

Dobi akakunja uso. "Sasa huyu anatafuta nini kwenye mashuka ya watu?"

"Labda amekuja kukagua," alisema Sindano, na wote wawili wakacheka, Sindano akiwa ameshika ubavu kwa sababu kucheka kulimuuma.

Cheti kilichokuwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kilisema kwamba maji ya visima vyote vya eneo hilo yamekaguliwa na ni salama kwa matumizi ya binadamu. Chini yake, upande wa kulia, palikuwa na saini: kitanzi kikubwa kama mkono wa kikombe, meno matatu, mkia unaorudi nyuma kujipigia mstari, nukta mbili. Bwana Afya hakuwahi kuinama juu ya kisima chochote cha mtaa ule. Gari lake liliingia getini kwa kiwanda siku moja saa sita mchana, likatoka saa tisa. Walinzi walisema alikula kuku mzima, akaomba afungiwe na mwingine wa kwenda naye nyumbani, na kwamba cheti alikisaini juu ya meza ya chakula, ndiyo maana pembeni kilikuwa na doa la mafuta. Doa lile lipo mpaka leo. Mtu akitaka kutapika na aende akaliangalie.

Sindano alikuwa na shida ya figo. Nesi wa zahanati alimpima mara mbili, akamwita dobi pembeni, akamwambia bila kuzunguka: aache kabisa maji ya kisima, anywe maji safi, mengi, kila siku, figo bado zina nafasi, lakini si nafasi kubwa. Nesi alisema hivyo akiwa anajua fika kwamba maji safi yalikuwa kitu cha kutafutwa. Gari la maji lilipita mtaani lilipojisikia. Paa la dobi lilikuwa na mfereji wa bati unaokinga mvua kwenye pipa moja la bluu, na pipa hilo lilikuwa la Sindano peke yake, lina kifuniko na jiwe juu ya kifuniko. Bomba la maji la mji lilifika hadi getini kwa kiwanda na kuingia ndani. Kutoka hapo hadi mlangoni kwa dobi zilikuwa hatua arobaini. Dobi alikuwa amezihesabu kwenda na kurudi.

Hatua arobaini hizo ndizo zilizokuwa zikidaiwa. Mtaa uliomba mambo mawili: shimo lifungwe, na bomba livuke barabara. Aliyeandika barua zote alikuwa Mwalimu, mstaafu mwembamba mwenye mwandiko wa ubaoni, na kwa miaka miwili alipigwa danadana kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mara ya mwisho alipeleka chupa sita za maji, moja kutoka kila kisima. Zilirudishwa na karatasi fupi. Chupa hazikuwa na saini ya afisa husika, kwa hiyo haikujulikana kama maji yaliyomo ni maji.

Ndani ya wiki ile saini ilienea. Ilitokea kwenye nguo yoyote nyeupe iliyofuliwa kwa maji ya visima vya mtaa, daima chini, daima kulia. Nesi aliikuta kwenye koti lake na kulalamika tu kwamba iko karibu na kitufe. Mwenye nyumba ya wageni alitaka kujua kama inaweza kusogezwa upande wa miguuni, ili mgeni asilale ameilalia shavu. Kinyozi aliikuta kwenye taulo zote, na wateja wake wakawa wanaifuata kwa kidole huku wakinyolewa. Mama mmoja aliiona kwenye nepi ya mjukuu wake, akaikunja nepi upande ule, akaendelea na shughuli zake, maana mtoto alikuwa analia na nepi hazingojei majadiliano.

Mwalimu alipoletewa shuka alivaa miwani, akaliweka pembeni ya nakala ya cheti, akalinganisha kitanzi, meno, mkia na nukta.

"Walisema chupa hazina saini," alisema. "Haya, sasa zinayo."

"Hayo ni mashuka, Mwalimu," alisema dobi.

"Maji ni yale yale."

Aliandika barua nyingine, akabandika kipande cha kitambaa, na safari hii majibu yalikuja ndani ya siku tisa. Kamati ya kusikiliza malalamiko ingekaa siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wa kiwanda, kwa kuwa ndio ukumbi wenye viti vya kutosha. Walalamikaji walete vielelezo.

Mwalimu alimpangia dobi kazi kwa uangalifu. Mashuka ishirini, moja kutoka kila nyumba iliyokuwa tayari kutoa. Yafuliwe kwa maji ya kisima. Yasisuuzwe. Yakamuliwe nusu, yatiwe kwenye ndoo zenye vifuniko, na ndoo zifunguliwe mbele ya kamati.

"Yaache yanuke," alisema. "Yaache yateleze. Wale watu hawajawahi kunusa tunachokunywa. Wakinusa mara moja tu, tumemaliza."

"Sawa, Mwalimu."

"Usiyaguse tena, mama. Nakuomba."

"Nimesema sawa."

Alhamisi alasiri ndoo tano zilikuwa zimepangwa ukutani zikiwa tayari. Dobi alifunua moja kuhakikisha. Harufu ilimpanda puani hadi kwenye macho. Mashuka yalikuwa yamejikunja humo ndani kama matumbo, yana ute wa kijivu, povu limekaa juu. Alifunika. Alifagia uwanja, akapanga vibanio, akarudi akafunua tena.

Alikuwa na miaka thelathini na moja kwenye kazi ile. Alimfulia mama yake alipokuwa hawezi kujizuia, akafulia mochwari kwa muda fulani, akafulia muuza nyama ambaye aproni zake zilisimama zenyewe kwa damu, na hakuna siku hata moja aliyowahi kumkabidhi mtu kitu katika hali ile. Kesho angeingia ukumbini, wamtazame yeye, watazame ndoo, na waseme huyu ndiye dobi. Uso ulimwaka akiwa bado uani kwake.

"Unazizungukia ndoo kama mtu aliyepoteza ufunguo," alisema Sindano kutoka mlangoni.

"Yananuka."

"Si ndivyo Mwalimu anavyotaka?"

"Ndivyo."

Kwenye mashuka yale ishirini alikuwa ameshona alama, moja kwa kila nyumba, ili kamati ijue lipi limetoka wapi: jiko, baiskeli, jembe, ndoo, paka. Ilikuwa kazi ya siku nne, na vidole vyake siku hizi vilikuwa vimenenepa kiasi kwamba sindano ilimponyoka. Uzi mwekundu ndani ya ute ule haukuonekana.

"Dada," alisema, "na alama zangu je? Zimezama kwenye ule uchafu. Hatuwezi kwenda mbele za watu hivyo. Saini si haitoki hata ukifanyaje?"

"Haitoki."

"Basi suuza. Saini itabaki, na sisi tutaonekana watu."

"Nitasuuza kwa nini? Kwa maji yale yale?"

Sindano akatazama pipa la bluu. Dobi naye akalitazama. Jiwe lilikuwa juu ya kifuniko.

"Mvua itanyesha," alisema Sindano. "Na wakishaleta bomba, mimi na pipa wapi na wapi."

Walichota ndoo mbili, kisha mbili tena, kisha moja ya kumalizia. Walifanya kazi vizuri, kama walivyokuwa wakifanya zamani Sindano alipokuwa anaweza kusimama: huyu anashika pembe hizi, yule zile, wanakamua kwa kuzungusha kila mtu upande wake. Sindano alifanya akiwa amekaa. Dobi akatia wanga, akatia bluu ya kufulia kidogo, akaanika jua likiwa bado kali, akapiga pasi ya mkaa mpaka kila shuka likawa na mikunjo inayoweza kukata kidole. Saini ilibaki pale pale. Uzi mwekundu ulionekana kutoka mbali. Dobi aliyapanga kwenye kikapu, ishirini, pembe zote zikitazama upande mmoja, na wote wawili wakayaangalia kwa muda mrefu. Yalikuwa mazuri. Lazima hilo lisemwe, kwa sababu hakuna kitu kingine kizuri katika habari hii.

Asubuhi Mwalimu alipoona kikapu mahali pa ndoo, alivua miwani akaifuta. Saa ilikuwa imefika tatu kasorobo.

Ukumbi wa kiwanda ulikuwa na ubaridi wa mashine na chupa ya maji ya dukani mbele ya kila kiti cha kamati. Kamati ilikuwa ya watu watatu, mwenyekiti wake mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Upande wa kiwanda alikaa mwanasheria aliyevaa tai ya rangi ya ini. Pembeni yake alikaa Bwana Afya, mtu mnene wa shingo, mwenye kalamu nne kwenye mfuko wa shati na tabasamu la mtu aliyekwisha kula.

Mwalimu alianza na glasi. Alikuja na chupa ya maji ya kisima mfukoni mwa koti, akamimina, akaiweka mbele ya Bwana Afya.

"Karibu, mheshimiwa. Umeandika ni salama."

Bwana Afya alishukuru. Alichomoa kalamu moja, akachukua karatasi, akaandika kwamba leo tarehe hii amekunywa glasi moja ya maji ya kisima na kuyaona yanafaa, akasaini, akampa mwenyekiti. Mwenyekiti akaiweka kwenye faili. Glasi ilibaki ilipo. Mwanasheria alieleza kwamba kilichomo hakiwezi kupokelewa, kwa kuwa chupa haikuwa na saini, lakini karatasi inayo. Baadaye kidogo nzi mmoja alitua ukingoni mwa glasi, akateleza, akazama, akayeyuka, yakabaki mabawa mawili yanaelea. Mjumbe aliyekuwa karibu aliisogeza glasi mbali kidogo na faili.

"Tuone vielelezo," alisema mwenyekiti.

Dobi alibeba kikapu hadi mezani. Mwenyekiti alichukua shuka la juu, akalikunjua, akapitisha kiganja. Akalisogeza puani. Dobi alimwangalia akivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza akaelewa kile Mwalimu alichokuwa akimwambia.

"Linanukia jua," alisema mwenyekiti. Akampa mjumbe wa kulia, naye akalinusa, akalipitisha kwa wa kushoto. "Mashuka ya kwangu nyumbani hayafiki hapa."

"Mama," mwanasheria alisema, "wewe ndiye uliyefua?"

"Mimi."

"Kwa maji ya kisima?"

"Ya kisima. Lakini nikasuuza kwa..."

"Nijibu tu ninachouliza, mama. Ulifua kwa maji ya kisima?"

"Ndiyo."

"Na hili shuka, kwa kadiri ya ujuzi wako, ni safi au ni chafu?"

Mwalimu alimkazia macho, akitikisa kichwa taratibu. Dobi alitazama shuka. Lilikuwa na alama ya baiskeli, nyekundu, ndogo, magurudumu yote mawili yana spoku, na aliyezishona spoku zile alikuwa nyumbani ameiweka miguu juu ya kigoda. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu na lilikuwa fupi. Aliligeuza mdomoni, likakataa kutoka.

"Mimi sijawahi kumpa mtu nguo chafu," alisema.

Iliandikwa hivyo hivyo.

Bwana Afya aliombwa azitazame saini. Alizitazama zote ishirini, moja moja, bila haraka, akilamba kidole kila anapofunua. Alisema ni zake. Alipoulizwa anakumbuka kuziweka, alisema anasaini vitu vingi.

Kamati ilitoka nje, ikanywa chai, ikarudi. Mwenyekiti alisoma kutoka kwenye karatasi. Saini zilikuwa halisi. Zilionyesha kwamba ukaguzi umefanyika nyumba kwa nyumba na, kwa kiwango kisicho cha kawaida, shuka kwa shuka, jambo ambalo kamati ilimpongeza afisa kwalo. Maji yanayoweza kutoa weupe wa namna hii hayakuwa na kasoro iliyothibitishwa. Shimo liendelee. Bomba halikuonekana kuwa la lazima. Mwisho kamati ilimpongeza pia dobi, na mtu wa kiwanda akaja mbele na katoni ya dawa ya kung'arisha nguo, chupa ishirini na nne, akamkabidhi huku watu wakipiga makofi. Aliipokea kwa mikono miwili. Hakujua namna nyingine ya kupokea kitu.

Njiani Mwalimu alibeba kikapu na dobi akabeba katoni. Walikaribia kufika ndipo Mwalimu aliposema, "Ungewaacha wanuse tu, mama." Hakuongeza neno, siku ile wala siku nyingine.

Sindano alikuwa mlangoni. Alisoma nyuso zao, akaiona katoni.

"Alama zangu walizionaje?"

"Walizisifu," alisema dobi.

Hawakuzitaja hata moja. Alimpa kikombe cha maji kutoka kwenye pipa. Ilibidi ainamishe pipa kuyapata.

Mvua haikunyesha. Gari la maji lilikuja mara moja, likaishiwa nyumba nne kabla ya kufika. Nyumba ya wageni ilitundika kibao mlangoni: Mashuka Yetu Yamekaguliwa na Afisa Afya. Hoteli mbili za upande wa pili wa mji zikaanza kumletea dobi kazi, kisha zahanati ya kulipia, kisha mtu mwenye ukumbi wa sherehe, wote wakitaka saini, wote wakisisitiza isomeke vizuri. Hakuwahi kupata wateja wengi vile. Alitoka kwenye beseni kwenda kisimani na kutoka kisimani kwenda kwenye beseni, na uchafu ule ule uliokuwa unamla mdogo wake ndio uliokuwa unawalisha. Alilijua hilo. Lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki, na alimeza chakula kupitia pembeni yake. Kiwanda kililipeleka shuka moja kwenye maonyesho ya viwanda, likawekewa fremu.

Pipa lilipokauka Sindano alikunywa ya kisima yaliyochemshwa. Yakichemka yaliacha ukoko wa manjano kwenye sufuria, mgumu, ambao dobi aliukwangua kwa kisu. Sindano alikunywa akiwa ameziba pua, akafanya mzaha kwamba sasa na tumbo lake limesainiwa. Alishona hadi uso wake ulipovimba kiasi cha kufunga macho, kisha akawa anashona kwa kupapasa, na alama hazikupinda.

Alifariki siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, dobi akiwa anaanika.

Majirani walikuja. Walimwosha kwa maji ya kisima, hayakuwapo mengine. Dobi hakukaa ndani nao. Alichukua shuka lake mwenyewe, la pamba nene, ambalo alikuwa ameliweka kwa ajili ya siku yoyote, akalifua mara tatu, akalianika. Lilipokuwa linakauka alikaa kwenye kiti cha mlangoni, miguu chini, na kwa uzi mwekundu uliobaki akashona alama kwenye kona ya juu. Sindano hakuwa mteja, kwa hiyo hakuwahi kuwa na alama. Dobi alimshonea sindano. Haikutoka vizuri. Ilionekana kama msumari, na hilo lilimliza kuliko kifo chenyewe.

Shuka lilipokauka hakuliacha kambani, kwa sababu bomba la moshi la kiwanda lilikuwa limeanza kutema masizi. Alilikunja, akalitia kwapani, akaenda nalo ofisi ya mtaa kuomba kibali cha mazishi.

Karani alijaza jina, umri, kazi. Kwenye sababu ya kifo aliandika kwamba ni ya kawaida. Kisha akageuza karatasi, akaiangalia nyuma na mbele.

"Hapa panatakiwa saini ya Bwana Afya," alisema. "Na Bwana Afya yupo kwenye semina hadi Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali," alisema dobi. "Kuna joto."

"Naelewa, mama. Pole sana. Lakini bila saini siwezi kupiga mhuri."

Wakatazamana. Macho ya karani yakashuka hadi kwenye shuka lililokuwa kwapani. Pembe ya chini, upande wa kulia, ilikuwa imejitokeza. Akanyoosha mkono, akaivuta pembe ile kidogo hadi juu ya meza, akafungua daftari lake la saini za maofisa, akalinganisha kitanzi, akalinganisha meno, mkia na nukta mbili.

"Ah," alisema. "Kumbe ameshasaini."

Akapiga mhuri, kwenye karatasi kwanza, kisha kwenye shuka, ili vifanane.

Dobi aliikunja pembe ile kwa ndani, kama alivyozoea kuikunja siku hizi, isionekane. Saini ilitokeza upande wa pili, pamoja na mhuri. Akaikunja tena, ikatokeza tena. Mara ya tatu aliiacha ilivyo. Akamwambia karani asante, akachukua kibali chake, akaenda kumzika mdogo wake.